Sura ya 5: Mistari Hii Ameiandika Nani?

CS50, kozi ya mwanzo ya sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, ina sharti moja ambalo mgeni hulisoma mara mbili. Ukikwama, unaruhusiwa kumwonyesha mwenzako msimbo wako ili akusaidie kutafuta kosa. Huruhusiwi kuutazama wa kwake. Msaada unapita upande mmoja tu: yeye anaangalia kazi yako, anauliza maswali, anakuonyesha mahali penye tatizo, kisha wewe unarudi kwenye kiti chako kurekebisha. Ukimwomba afungue kompyuta yake uone yeye aliandikaje, umeshavuka mpaka, hata kama hukunakili herufi moja.

Kwa mtu aliyekulia kwenye vikundi vya kujisomea, ambako anayejua humfundisha asiyejua mpaka usiku wa manane, sharti hili linaonekana la uchoyo. Mimi naona limeandikwa na mtu anayeelewa hasa programu inavyofundishwa. Zoezi la kuandika programu halipimi kasi ya vidole wala kumbukumbu ya alama za lugha. Linapima maamuzi. Nianzie wapi? Kazi hii niigawe vipande vingapi? Mtumiaji akiacha kuingiza jina, programu ifanye nini? Mwenzako anaposoma msimbo wako, maamuzi yanabaki kuwa yako na yanapata wa kuyahoji. Wewe unapousoma wa kwake, maamuzi yote yameshafanywa, na huwezi kurudi kuwa mtu ambaye hajayaona. Utaandika kwa mkono wako, kwa majina yako, na mifupa itakuwa ya mwingine.

Chuo Kikuu cha Stanford kina Kanuni ya Heshima iliyoandikwa na wanafunzi wenyewe mwaka 1921, na kozi zake za mwanzo za programu zimeifupisha kanuni hiyo katika masharti matatu: taja msaada wowote ulioupata, usimpe mwenzako msimbo wako, usitazame suluhisho lisilo lako. Kozi nyingine za Amerika Kaskazini zina sharti lililopewa jina la tamthilia ya zamani ya televisheni, Gilligan's Island. Wanafunzi wanaruhusiwa kukutana, kujadili, kuchora ubaoni na kubishana watakavyo. Wakimaliza, ubao unafutwa na hakuna anayeondoka na maandishi. Kisha kila mmoja atumie angalau nusu saa kwa jambo lisilochosha akili, kama kutazama tamthilia ya aina hiyo, ndipo akae peke yake aandike. Kilichobaki kichwani baada ya nusu saa hiyo, amekielewa. Kilichopotea, alikuwa amekishika tu kwa macho. Sijaona sharti lingine linaloheshimu majadiliano ya kikundi na kazi ya mtu mmoja kwa wakati mmoja namna hii, na kikundi chochote cha wanafunzi wa vyuo vya Mlimani au Juja kinaweza kulifuata bila kuomba kibali kwa mtu.

Masharti hayafanani kutoka kozi hadi kozi, na hapo ndipo wanafunzi wengi waaminifu wanapoanguka. Katika muhula mmoja, mwanafunzi wa uhandisi anaweza kuwa na zoezi la programu ambalo ni lazima alifanye peke yake, mazoezi ya maabara ambamo watu watano wanatumia vipimo vilevile lakini kila mmoja anaandika ripoti yake, na mradi wa kikundi ambamo kugawana kazi ndiyo shabaha yenyewe. Mwalimu wa somo la algoriti atakunyima alama ukiita funksheni iliyo tayari ya kupanga orodha, kwa sababu alitaka uijenge mwenyewe. Mwalimu wa mradi wa mwaka wa mwisho atakushangaa ukiijenga, kwa sababu pale anataka mfumo unaofanya kazi. Hawapingani. Kila mmoja amepanda mbegu yake, na kanuni yake inailinda mbegu hiyo. Kwa hiyo ukipokea kazi yoyote, jiulize kwanza: kazi hii inataka nibaki na nini kichwani? Jibu la swali hilo litakuonyesha sehemu ambayo huruhusiwi kumwachia mtu au mashine. Kama hulipati kwenye mwongozo wa kozi, muulize mwalimu kabla ya kuanza, na uulize kwa maandishi.

Hapa walimu nao wana deni. Mwalimu anayetoa zoezi lilelile miaka mitano mfululizo, asiandike popote kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa, kisha akaita watu kwenye kamati ya nidhamu, ameiacha nusu ya kazi yake.

Tuangalie jinsi watu wanavyokamatwa, maana dhana potofu ni nyingi. Mwaka 1994, Alex Aiken, akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitengeneza mfumo uitwao MOSS wa kupima jinsi programu zinavyofanana. Baadaye ulihamia naye Stanford, na walimu wa nchi mbalimbali wanautumia bila malipo. Karlsruhe, Ujerumani, ulizaliwa mwingine mwaka 1996, JPlag. Mwanafunzi anayenakili kwa kawaida hubadilisha majina, huongeza nafasi, hugeuza maelezo, huhamisha funksheni ya juu kuipeleka chini. Anaona kazi imekuwa mpya. MOSS inaanza kwa kuvitupa vitu hivyohivyo. Nafasi zinaondolewa. Majina aliyoyachagua mwanafunzi hayahesabiki, kwa hiyo „jumla" na „total" ni kitu kimoja. Kinachobaki ni umbo la programu, kama mfuatano mrefu wa alama. Mfuatano huo unakatwa vipande vifupi vinavyopishana, kila kipande kinageuzwa kuwa namba, na katika kila dirisha la namba zinazofuatana inahifadhiwa iliyo ndogo kuliko zote. Namba hizo zilizohifadhiwa ndizo alama za vidole za programu. Mwaka 2003 Aiken na wenzake walichapisha maelezo ya njia hiyo na wakathibitisha kihisabati kwamba sehemu iliyofanana ikizidi urefu fulani, haiwezi kuponyoka. Kuihamisha funksheni kutoka juu kwenda chini hakusaidii kitu, kwa sababu alama zake za vidole zinahama nayo.

Mfumo huo pia una busara ambayo watuhumiwa wachache wanaifahamu. Msimbo ambao mwalimu aliwagawia wote unaondolewa kwenye hesabu. Kipande kinachoonekana katika programu za watu wengi hupuuzwa, kwa sababu huenda ndiyo njia ya kawaida ya kufanya jambo hilo. Na MOSS haisemi kwamba mtu ameiba. Inaweka programu mbili kando kwa kando, inapaka rangi sehemu zinazolingana, na kumwachia binadamu asome. Anachotafuta binadamu huyo mara nyingi ni makosa. Watu wawili wanaweza kufika kwenye jibu sahihi kwa njia moja bila kuonana. Lakini wote wawili wakiwa na funksheni ileile isiyoitwa popote, neno lilelile lililokosewa tahajia kwenye ujumbe wa skrini, na kosa lilelile la kuhesabu kuanzia moja badala ya sifuri, ni vigumu sana kuieleza kamati kwamba ni bahati.

Na kesi hiyo itakuwa na watu wawili mezani. Fikiria usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi. Ujumbe unaingia kwenye WhatsApp: „Kaka, nitumie yako nione tu ulivyoanza. Sitakopi, wallahi." Anayeomba ni mtu wa chumba kimoja nawe, aliyekukopesha hela ya chakula bumu lilipochelewa. Huenda hata ana nia njema saa ile anapoandika. Saa nane usiku, programu yake ikigoma kwa mara ya kumi, nia hiyo haina nguvu tena. Kanuni za vyuo vingi humhesabu aliyetoa kuwa ameshiriki sawa na aliyepokea, na mfumo wa kulinganisha hauwezi kujua faili lilianzia kwa nani. Watu wengi wenye roho nzuri wameingia kwenye adhabu kwa njia hii. Jibu linalomsaidia rafiki bila kuwaangamiza wote wawili lipo: „Ndugu yangu, faili sitatuma, ila nipigie sasa hivi, tushirikiane skrini yako, tutafute inapokwama." Ni lile sharti la CS50 katika Kiswahili cha chumbani. Litachukua saa nzima ya usingizi wako, na ni ukarimu mkubwa kuliko kutuma faili.

Utasikia hoja kwamba kazini watu hunakili kila siku, kwa hiyo chuo kinafundisha maisha yasiyokuwepo. Ni kweli kwamba hakuna mhandisi wa programu anayeandika kila kitu kuanzia sifuri. Lakini kazini nako kila mstari una mwenyewe. Majibu yaliyowekwa Stack Overflow yanatolewa kwa leseni inayomtaka mtumiaji amtaje mwandishi. Programu huria nazo zina leseni, na baadhi zinakulazimisha kuuweka wazi msimbo wako wote ukizichanganya nao na kuusambaza. Katika kesi ya Oracle dhidi ya Google, iliyofunguliwa mwaka 2010 kuhusu Android, mahakama ilitumia muda kujadili funksheni moja iitwayo rangeCheck. Ilikuwa na mistari 9, ndani ya mfumo wenye mamilioni ya mistari. Kazi yake ni kuhakikisha tu kwamba namba haijatoka nje ya mipaka ya orodha. Mwanafunzi wa muhula wa pili anaweza kuiandika. Aliyeiandika kwanza, Joshua Bloch, alikuwa mfanyakazi wa Sun, kampuni ambayo Oracle iliinunua. Alihamia Google, na mistari ileile ikaonekana kwenye Android. Mwaka 2012 baraza la wazee wa mahakama liliona kwamba kwa mistari hiyo 9 haki miliki ilikiukwa, hata kama aliyeitumia tena ndiye aliyeiandika mwanzo. Hoja kubwa ya kesi iliendelea hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambako Google ilishinda mwaka 2021. Sehemu ya rangeCheck inatosha kwa hoja yetu: kwenye kazi ya kulipwa, swali la nani aliandika nini huulizwa kwa ukali kuliko darasani.

Ndiyo maana kutaja chanzo ni stadi ya kazi. Chuo cha MIT, katika mwongozo wake wa uaminifu wa kitaaluma, kina sehemu nzima inayohusu msimbo. Njia ni rahisi: juu ya kipande ulichokichukua, weka mstari wa maelezo ambao kompyuta inauruka, useme kimetoka wapi, lini, na wewe umebadilisha nini. Sekunde ishirini. Kozi inaweza bado kukukatia alama kwa sababu sehemu hiyo si yako, lakini hakuna atakayekuita mdanganyifu. Udanganyifu unaanzia pale msomaji anapoaminishwa kwamba umeandika kitu ambacho hukuandika.

Uhandisi wa vitu vya kushikika una majaribu yake, na kwangu haya ndiyo mazito zaidi. Chukua maabara ya zege. Kikundi kimemimina michemraba ya milimita 150, kimeiloweka, kimeivunja kwenye mashine baada ya siku 7 na mingine baada ya siku 28. Mchemraba mmoja umepasuka mapema kuliko wenzake. Grafu imeharibika. Kalamu inashawishika kuongeza namba kidogo, au kuchukua vipimo vya kikundi cha mwaka jana vilivyonyooka vizuri. Mwanafunzi anadhani mwalimu anataka mstari ulionyooka. Mwalimu anajua nguvu ya zege tangu kabla hujazaliwa. Anataka kuona kama utaiandika namba mbaya ilivyo, kisha utafute sababu: zege halikushindiliwa vizuri, mchemraba haukukaa katikati ya mashine, uso wake haukuwa bapa. Aya hiyo ya sababu ndiyo somo, na anayeibuni namba ameifuta.

Tarehe 17 Julai 1981, ndani ya hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, njia mbili za kupitia watu zilizoning'inizwa juu ya ukumbi ziliporomoka wakati watu wamejaa kwenye dansi. Walikufa watu 114. Mchoro wa awali ulikuwa na fimbo ndefu za chuma zinazotoka darini, zikipita njia ya ghorofa ya nne na kuendelea hadi ya pili, kila njia ikikaa juu ya nati zake. Kwa kuwa kuchonga nyuzi kwenye fimbo ndefu kiasi hicho ni kazi ngumu, mtengenezaji alipendekeza fimbo mbili fupi: moja kutoka darini hadi njia ya juu, nyingine kutoka njia ya juu hadi ya chini. Kwenye karatasi ilionekana badiliko dogo. Kumbe sasa nati za njia ya juu zilibeba uzito wa njia zote mbili, mara mbili ya ule wa mwanzo, na hata muundo wa kwanza haukuwa umefikia kiwango cha kanuni za ujenzi za mji huo. Michoro ya badiliko hilo ilipita kwenye ofisi ya wahandisi na ikapata muhuri wao wa kuidhinisha. Hesabu ya kiungo hicho haikufanywa. Wahandisi wakuu walijitetea kwamba ulikuwa wajibu wa mtengenezaji. Utetezi huo ulikataliwa, na jimbo la Missouri likawafutia leseni.

Naisimulia kwa sababu muhuri ule na jina lako juu ya karatasi ya zoezi vinasema jambo moja: nimeipitia kazi hii, naielewa, niulize mimi. Tanzania, mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi hula kiapo, na sahihi yake kwenye michoro ndiyo mafundi wanayoitegemea wanapomwaga zege. Mtu aliyepita miaka minne akiweka jina kwenye hesabu asizozielewa hajifunzi kuacha siku anapokabidhiwa muhuri.

Sasa kuna akili mnemba. Tangu ChatGPT ilipotolewa mwezi Novemba 2022, mazoezi mengi ya mwaka wa kwanza hujibiwa na mashine kwa sekunde chache. CS50 ilichagua njia ya kati mwaka 2023: ikatengeneza msaidizi wake mwenyewe, mwenye umbo la bata, anayemuuliza mwanafunzi maswali na kumwelekeza bila kumwandikia suluhisho, na ikakataza ChatGPT na zana za aina hiyo kwenye kazi za kozi. Nakubaliana na uchaguzi huo kwa sababu umefuata swali lilelile la nini kibaki kichwani. Mashine inayokueleza kwa nini programu yako inazunguka bila kikomo inakufundisha. Mashine inayokukabidhi programu nyingine imekunyang'anya zoezi.

Hatari nyingine inawagusa moja kwa moja wanafunzi wetu wanaoandika ripoti kwa Kiingereza, lugha yao ya pili au ya tatu. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walizipima programu 7 zinazodai kutambua maandishi ya akili mnemba. Walizipa insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilihesabiwa kimakosa kuwa za mashine. Sababu inaeleweka: programu hizo hushuku maneno ya kawaida na sentensi zinazotabirika, na hivyo ndivyo anavyoandika mtu mwangalifu katika lugha ya kujifunza. Mhadhiri anayemhukumu mwanafunzi kwa asilimia ya programu kama hiyo peke yake anatenda dhuluma. Mwanafunzi naye ajilinde kwa kuhifadhi safari ya kazi yake: rasimu zenye tarehe, daftari la maabara lenye makosa yaliyokatwa kwa mstari mmoja, na kwa programu, kumbukumbu za Git zinazoonyesha msimbo ukikua hatua kwa hatua, ukivunjika na kurekebishwa. Akiitwa, aende nazo, na aombe nafasi ya kuieleza kazi yake ana kwa ana mstari kwa mstari.

Biashara ya kuandikiwa kazi inatugusa pia. Nairobi inajulikana duniani kwa vijana wasomi wanaowaandikia wanafunzi wa Uingereza na Marekani kazi zao kwa malipo. Filamu ya The Shadow Scholars ya mwaka 2024 inawahusu. England iliipiga marufuku biashara hiyo kisheria mwaka 2022. Mnunuzi anaondoka na shahada isiyo yake, na kijana wa Nairobi aliyeifanya kazi hiyo anabaki bila jina popote. Wote wawili walistahili mpango bora kuliko huo.

Nimeacha kwa mwisho jambo ambalo ningependa kulikuta kwenye mwongozo wa kila kozi ya Afrika Mashariki. Mwaka 2014, mwalimu wa CS50, David Malan, na wenzake waliongeza kwenye kozi hiyo kifungu cha majuto. Mwanafunzi aliyevunja kanuni akijitokeza mwenyewe ndani ya saa 72, kozi inaweza kumpa sifuri kwenye kazi hiyo, lakini haitampeleka mbele zaidi. Waliona kwamba makosa mengi hutokea usiku, mtu akiwa amechoka na muda umemwishia, na asubuhi hakuna mlango wa kurudia. Baada ya miaka kadhaa walieleza kwamba kifungu hicho hakikupunguza sana idadi ya kesi. Kilicholeta ni mazungumzo: wanafunzi walikuja, na walipokuja yakafahamika mambo mengine, ya msongo, ya matatizo ya nyumbani, ambayo yasingejulikana kwenye kamati ya nidhamu.

Kozi yako ikiwa haina kifungu kama hicho, saa zile za kwanza bado zina thamani. Nenda ofisini kabla kazi hazijasahihishwa. „Shikamoo, Mwalimu. Kazi niliyokusanya juzi, sehemu ya pili si yangu. Naomba niiondoe." Anaweza kukukatia alama zote za kazi hiyo. Sifuri moja haimdiskoshi mtu, na kazi inayofuata utaikusanya kwa jina lako.